Nusu Juu ya Nusu

Ilifika Nyakato ikitatarika,
Hailaksi ya Magoti, kuukuu kuliko mwanagenzi wangu,
magamba ya dagaa yamekaukia kwenye bodi,
ta-ta-ta-ta kila alipokanyaga mafuta.
"Valvu," akasema.
Nikapitisha kiganja ubavuni mwa injini, mbali kidogo,
nikahisi pumzi inatoka pasipo mlango:
manifoldi imepasuka, chuma kinatoboa siri.

Akavuta mfuko wa salfeti nyuma ya kiti.
Ndani, mabomba manne mapya yanayokutana kuwa moja
kama vidole vinavyoshika kikombe.
Kanunua kwa mtu, mtu kayatoa Dubai,
na Dubai, alisema, hawana dagaa ila mabomba wanayo.

Nati nane zilikula siku mbili.
Mafuta ya taa usiku, nyundo asubuhi,
moto kidogo, matusi mengi.
Saba zilikubali.
Ya nane, ile ya nyuma kabisa, spana isikofika bila kuomba,
ilikatika na studi yake kama jino bovu,
kisiki kikabaki ndani ya taya.
Nikakichimba kwa keekee, nimebana pumzi,
maana silinda hedi ni ya aluminiamu
na aluminiamu haijui kusamehe.

Kisha utepe.
Magoti kasikia joto likizuiwa ndani, gari linakuwa jepesi.
Mimi utepe siupendi: hunywa maji.
Umande wa ziwa hapa hupanda mpaka juu ya majabali,
naye hupakia mzigo Kayenze matairi yakiwa majini.
Chuma kilichovishwa nguo mbichi huoza kimyakimya.
"Kwanza rangi ya moto," nikamwambia, "mara mbili, ikauke,
ndipo tuvishe."
Akahesabu pesa. Akahesabu tena.
Akakubali huku akiangalia pembeni.

Nilipofunga mara ya kwanza utepe ulilegea,
ukaporomoka kwenye kona kama soksi ya mtoto wa shule.
Dada yangu Kabula, muuguzi wa wodi ya majeruhi,
alikuwa amepita kuniletea matobolwa;
akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Ungekuwa mguu wa mtu, ungeshamwaga bandeji barabarani."
Akaulowesha utepe kwenye ndoo,
akavaa glavu, maana kitu kile kinawasha kuliko upupu,
akanionyesha: anzia chini, panda,
vuta, usinyonge,
kila mzunguko ulale nusu juu ya nusu ya mwenzake.
Mwisho bana kwa kibanio, usipige fundo.
"Fundo humuumiza mgonjwa."

La kwanza nilifunga, akalifungua.
La pili nilifunga, akafungua nusu.
La tatu akanyamaza, akala tobolwa.

Mkono wangu wa kulia una kovu
refu kama upana wa bomba lililoniachia,
mwaka niliojifunza kazi kwa fundi Luhende.
Siku ile ni Kabula aliyenifunga, kwa kipande cha kanga,
kabla hajajua kufunga.
Aliliona kovu. Akasogeza ndoo.

Tukawasha saa kumi jioni.
Moshi mweupe ukafura chini ya boneti,
mama anayeuza uji akaja mbio na karai la mchanga.
"Acha, mama! Ni rangi inaiva!"
Karai alilishika hivyohivyo, hakuniamini,
mpaka moshi ukakonda, ukaisha,
na sauti ikabaki peke yake:
nzito, ya mviringo,
kama pipa tupu linaloviringishwa juu ya mchanga.

Magoti akataka kuondoka usiku uleule.
Nikazima. Nikatia ufunguo mfukoni.
Chuma kikipoa hujikunja, nati hudanganya:
kilale, nikaze asubuhi,
kisha unirudie baada ya safari tatu.

Alilala garini, miguu nje ya dirisha.
Alfajiri nikamkuta boneti iko wazi,
kiganja chake juu ya utepe uliopoa,
kama apimaye homa.
"Mwangaluka," nikasema.
Hakuitika; alikuwa anahesabu mizunguko.

Nikaingiza spana.
Saba zilikaa.
Ya nane ikasogea robo.